Pikipiki Iliyobaki ya Kiwanda Kilichofungwa: Uchambuzi wa Kisa cha EBR 1190RX

Tarehe 15 Aprili 2015, kiwanda cha Erik Buell Racing (EBR) kilichokuwa katika mji mdogo wa East Troy, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kilisimamisha kazi na kuiomba mahakama iteue msimamizi wa mali zake. Madeni yalikuwa takriban dola milioni 20. Wafanyakazi walirudishwa nyumbani, na pikipiki ambazo zilikuwa zimeshafika kwa mawakala katika majimbo mbalimbali zikabaki madukani zikiwa mpya, hazijasajiliwa, na hazina mtengenezaji wa kuzisimamia. Kisa ninachokichambua hapa kinahusu moja ya pikipiki hizo, ya aina ya 1190RX, na kama mtu mwenye akili timamu na kipato cha kawaida angepaswa kuinunua.

Mwenye kisa ni mpwa wangu, anayeishi na kufanya kazi kaskazini mwa Illinois. Septemba ya mwaka huo alinipigia simu, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaingia moja kwa moja kwenye jambo lenyewe: "Mjomba, kuna 1190RX ya mwaka 2014 hapa kwa wakala, haijawahi kutembea barabarani, na wanataka dola 11,500. Bei yake ilikuwa 18,995. Bei kama hii hairudi." Mimi ni fundi wa pikipiki kwa miaka mingi, na alichokuwa anataka kwangu ni kauli moja, nunua au acha. Sikumpa kauli hiyo siku ile, kwa sababu swali lilikuwa bado halijakaa sawa. Alikuwa anapima kipunguzo, ilhali jambo la kupimwa lilikuwa mzigo unaohama kutoka kwa mtengenezaji kuja kwa mnunuzi, na kama dola 7,495 zilizopunguzwa zinatosha kuubeba.

Ili kuuelewa mzigo huo ni lazima kutofautisha vifo viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Erik Buell, aliyekuwa mhandisi wa Harley-Davidson, alianzisha kampuni yake ya kwanza mwaka 1983. Harley ilinunua asilimia 49 ya kampuni hiyo mwaka 1993, ikafikisha 98 mwaka 1998, na mwaka 2003 ikaimiliki yote. Tarehe 15 Oktoba 2009 Harley ilitangaza kuifunga. Mawakala walishusha bei za Buell zilizobaki kwa maelfu ya dola, na waliozinunua wakati ule walipata nafuu ya kweli, kwa kuwa aliyefunga duka alikuwa tajiri na bado yuko hai: dhamana iliheshimiwa, na vipuri viliendelea kupatikana kupitia mtandao wa mawakala wa Harley. Hadithi za nafuu ile zilienea sana miongoni mwa wapenda pikipiki, na naamini ndizo zilizomfanya mpwa wangu na wengine wengi waamini kwamba mwaka 2015 ulikuwa nafasi ile ile ikijirudia.

Haikuwa nafasi ile ile. Baada ya kufungiwa, Erik Buell alianza upya mwishoni mwa 2009 kwa jina la Erik Buell Racing, bila mzazi mkubwa nyuma yake. Mzazi wa kambo alikuja baadaye: Hero MotoCorp ya India, kampuni ambayo wasomaji wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaijua kwa bodaboda zake. Hero ilikuwa imeachana na mshirika wake Honda na ilihitaji wahandisi, kwa hiyo mwaka 2013 ikanunua asilimia 49.2 ya EBR kwa dola milioni 25. Lakini kumiliki hisa si kudhamini madeni. EBR ilipoanguka, Hero ilichukua kazi za uhandisi zilizokuwa zikifanywa kwa ajili yake, wala haikuwa na wajibu wowote kwa mtu wa Illinois mwenye pikipiki iliyokatika kihisio cha moto. Kwa upande wa mahakama, mteja anayedai matengenezo ya dhamana husimama kwenye foleni pamoja na wadai wengine wasio na rehani, nyuma ya benki na nyuma ya gharama za usimamizi wenyewe, na aliye kwenye foleni hiyo kwa kawaida hupata kidogo sana au hapati kabisa.

Kwa hiyo mwaka 2009 mnunuzi alinunua pikipiki yenye jina lililokufa na mdhamini aliye hai. Mwaka 2015 vyote viwili vilikuwa vimekwenda. Hii ndiyo hoja ya kwanza niliyompa, na nilimwomba aiandike juu kabisa ya karatasi yake ya hesabu.

Sikukataa kwamba chombo chenyewe kilikuwa kizuri, na si haki kukizungumzia kana kwamba kilifukuzwa sokoni kwa ubovu. Injini ya 1190RX ina silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V kwa nyuzi 72, na hutoa nguvu za farasi 185. Pikipiki nzima ina uzito wa takriban kilo 190 kabla ya kutiwa petroli. Fremu yake ya alumini ndiyo tangi la petroli, yaani mafuta yanakaa ndani ya mihimili ya fremu, na nafasi ambayo kwa kawaida ni ya tangi imeachwa kwa ajili ya boksi la hewa. Breki ya mbele ni disiki moja kubwa ya milimita 386 iliyofungwa kwenye ukingo wa rimu badala ya kitovu cha gurudumu. Kwa kuwa nguvu ya kusimamisha inakwenda moja kwa moja kwenye rimu, spoku hazina haja ya kuibeba, gurudumu linakuwa jepesi, na pikipiki inageuka kwa wepesi. Ni ubunifu wa mtu aliyeifikiria pikipiki upya tangu chini, na ninamheshimu kwa hilo.

Lakini ubunifu huo huo ndio unaopaswa kumtia wasiwasi mnunuzi wa pikipiki iliyobaki, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Pikipiki ya kiwanda kidogo haitengenezwi yote na kiwanda hicho. Sehemu kubwa hununuliwa kwa watengenezaji wa vipuri wanaouzia kila mtu, na sehemu chache hubuniwa na kiwanda chenyewe. Kiwanda kikifa, kundi la kwanza haliathiriki, na kundi la pili linageuka kuwa hesabu iliyofungwa: zilizopo ndizo zilizopo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, mtu anapaswa kuizunguka pikipiki akiwa na daftari na kuuliza, kwa kila kitu kinachochakaa au kinachovunjika pikipiki ikianguka, kama kitu hicho kiko kundi la kwanza au la pili.

Tulifanya hivyo pamoja dukani mwishoni mwa wiki iliyofuata, naye akiandika. Matairi ni ya inchi 17, 120/70 mbele na 190/55 nyuma, vipimo ambavyo kila duka la matairi linavyo. Cheni na sproketi za kawaida, plagi, chujio la oili, beringi za magurudumu, betri: vyote hivyo havina wasiwasi. Shokapu za mbele na nyuma ni za Showa, na fundi yeyote mzuri wa shokapu anaweza kuzifungua, kubadilisha sili na kuzirudisha. Hadi hapo ukurasa wake ulikuwa umejaa alama za vema, na nilimwona akianza kutabasamu.

Upande wa pili wa ukurasa ulikuwa mzito zaidi. Disiki ya mbele haiwezi kubadilishwa na ya Honda au Yamaha, kwa sababu hakuna kati yao wanaofunga disiki kwenye rimu, na rimu ya mbele nayo haiwezi kubadilishwa kwa sababu hiyo hiyo. Ukipinda rimu kwenye shimo la barabarani, huna pikipiki. Fremu ikipata ufa au mbonyeo mbaya, umepoteza fremu na tangi kwa pigo moja. Mabodi ya plastiki, mabano ya kushikilia taa, waya zote za umeme, skrini ya rangi ya dashibodi, na kompyuta ya injini pamoja na programu ya kuisoma, vyote ni vya kwao wenyewe. Kuhusu injini, yapo maneno yaliyokuwa yakizunguka kwamba vipuri vya Buell 1125R, pikipiki ya kampuni ile iliyofungwa na Harley, vinaingia, kwa kuwa injini hizo ni za ukoo mmoja ulioanzia kwa Rotax, mtengenezaji wa injini wa Austria. Hilo ni kweli nusu tu. Mwendo wa pistoni ni ule ule, milimita 67.5, lakini kipenyo cha silinda kimetoka 103 kwenda 106, na kwa hiyo pistoni, ringi na silinda za 1125 hazikai ndani ya 1190. Mtu anayenunua kwa kutegemea "ukoo" anapaswa kujua ukoo huo unaishia wapi.

Kipuri kilichonitia hofu zaidi kuliko vyote ni kile kidogo: mkono wa klachi, kigingi cha kukanyagia, kihisio cha mwendo. Watu hufikiria injini kufa, kumbe pikipiki nyingi za viwanda vilivyofungwa hulala gereji kwa kukosa kitu cha dola 40.

Kisha tukaangalia namna ilivyosimama. Pikipiki mpya iliyokaa dukani mwaka mmoja na zaidi si mpya katika kila kitu. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Nilipiga magoti na tochi ya simu nikasoma 0914 mbele na 1114 nyuma, na hiyo ikanitosha kujua kwamba matairi yalikuwa bado salama. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata pikipiki isipotembea, kwa hiyo inapaswa kumwagwa na kuwekwa mpya kabla ya safari ya kwanza. Niliuliza kama petroli ilitiwa ilipofika, na mwuzaji akasema ilitiwa kidogo kwa ajili ya kuiwasha. Petroli ya Marekani ina ethanoli, nayo huvuta maji na kuacha utando kwenye pampu na injekta. Kwa pikipiki ambayo petroli yake imo ndani ya fremu na pampu yake ni ya kiwanda kilichofungwa, hilo si jambo la kupuuza. Tuliiomba iwashwe ikiwa baridi kabisa, tukaisikiliza mpaka feni ikaanza, ikazima, ikaanza tena. Ilikuwa nzima.

Sasa kuhusu bei. Kosa la wanunuzi wengi ni kulinganisha bei ya leo na bei ya kibandiko. Dola 18,995 ilikuwa bei ya pikipiki pamoja na dhamana, vipuri, mafunzo ya mafundi na matumaini ya kuiuza tena, na vyote hivyo vilikuwa vimeondoka. Kibandiko kile kilikuwa kinaeleza kitu ambacho hakipo tena. Ulinganisho wa haki ni kati ya pikipiki hii na kile ambacho fedha hizo hizo zingenunua siku hiyo hiyo. Suzuki GSX-R1000 mpya kabisa wakati huo iliuzwa kwa karibu dola 14,000, na ya mwaka uliopita iliyobaki dukani ilipatikana kwa pungufu, ikiwa na dhamana kamili na wakala karibu kila mji mkubwa. Ukiweka hivyo, dola 11,500 kwa pikipiki yatima si bei ya kutupa. Ni bei ya kawaida ya pikipiki ya kawaida, na mnunuzi anaombwa kubeba hatari bila kulipwa chochote kwa kuibeba.

Mwuzaji, kwa upande wake, alikuwa na haraka ambayo mpwa wangu hakuiona. Mawakala wengi wa Marekani hawanunui pikipiki kwa fedha zao. Huzichukua kwa mkopo wa bidhaa, wakilipa riba kila mwezi pikipiki inaposimama, na baada ya muda fulani mkopeshaji huanza kudai sehemu ya deni lenyewe hata kama haijauzwa. Ongeza hapo kwamba katika majimbo ya kaskazini biashara ya pikipiki hufifia Oktoba na hulala mpaka Machi. Kila wiki iliyopita ilikuwa inamgharimu yeye, si sisi, na nilimsihi kijana asioneshe mapenzi yake mbele ya kaunta.

Kulikuwa pia na habari zilizochanganya mambo. Kiangazi cha mwaka huo mnunuzi alikuwa amejitokeza mnadani kwa dola milioni 2.25, na mwuzaji alitumia habari hiyo kama ngazi: kiwanda kinafunguliwa, dhamana itarudi, bei zitapanda. Nilimwambia mpwa wangu mambo mawili. Kwanza, anayenunua mali za kampuni iliyofilisika kwa kawaida hununua mashine, michoro na majina, na madeni huyaacha nyuma, na ahadi za dhamana zilizotolewa na kampuni ya zamani ni madeni. Pili, kiwanda kilichoshindwa kwa dola milioni 25 za Hero hakiwezi kuhesabiwa kuwa kimepona kwa sababu ya habari ya mnada. Hata hivyo, habari ile ilikuwa na thamani moja ya kweli: ilionesha kwamba vipuri vilivyokuwa ghalani East Troy vingenunuliwa na mtu mwenye nia ya kuviuza, badala ya kupelekwa chuma chakavu. Hilo lilipunguza hofu yangu kuhusu rimu na disiki, ingawa halikuiondoa.

Kwenye karatasi ya mauzo, nyuma, kwa herufi ndogo, palikuwa na kifungu kinachosema pikipiki inauzwa kama ilivyo, bila dhamana ya mwuzaji wala ya mtengenezaji. Nilimtaka akisome kwa sauti. Nilimtaka pia aone kwa macho cheti cha asili cha mtengenezaji, ile hati ambayo ofisi ya usajili hudai ili kutoa kadi ya kwanza ya pikipiki, kwa sababu hati hiyo ikipotea wakati kiwanda kimefungwa, hakuna wa kuandika nyingine kwa urahisi. Ilikuwepo, na namba zake zililingana na zilizogongwa kwenye fremu. Jambo la mwisho lilikuwa bima. Kampuni ya bima hulipa thamani ya soko, na ajali ndogo kwenye pikipiki isiyo na mabodi wala mabano sokoni huhesabiwa kuwa hasara kamili. Mwenye pikipiki hubaki na hundi inayolingana na bei ya yatima, wala si bei aliyolipa. Kwa hiyo kukopa benki kununua pikipiki ya namna hii ni hatari maradufu, maana deni linaweza kubaki kubwa kuliko hundi. Yeye alikuwa na fedha taslimu, na bila hivyo mazungumzo yangeishia hapo.

Uamuzi wangu ulisimama juu ya jambo ambalo halikuwa ndani ya duka lile. Mpwa wangu alikuwa na Honda ya zamani aliyokuwa akiendea kazini, nzima, ya bei nafuu, yenye vipuri kila mahali. Pikipiki hii ingekuwa ya pili, ya Jumapili na ya kiwanja cha mbio, na ikilala miezi mitatu ikisubiri kipuri, asingechelewa kazini hata siku moja. Nilimwambia anunue kwa masharti: bei ishuke mpaka tofauti yake na Suzuki ya mwaka uliopita iweze kulipia seti ya vipuri vya upande wa pili wa ukurasa, vipuri hivyo vitolewe na wakala kutoka kwenye rafu yake mwenyewe siku ya mauzo na si baadaye, na huduma ya kwanza, pamoja na oili mpya ya breki, ifanyike na kuandikwa kabla pikipiki haijatoka mlangoni.

Wakala alikataa mara ya kwanza. Katikati ya Oktoba, baridi ilipoanza kuuma, alipiga simu mwenyewe. Walikubaliana dola 9,000, pamoja na disiki ya mbele, seti mbili za pedi za breki, mikono ya klachi na breki, vigingi vya kukanyagia, vihisio viwili na pampu ya petroli. Rimu ya mbele ya akiba hakuwa nayo, na mpwa wangu aliikubali hatari hiyo akijua jina lake.

Mpango wa yule mnunuzi wa mnada ulivunjika. Januari 2016 mali za EBR zilichukuliwa na Liquid Asset Partners ya Grand Rapids, Michigan, kampuni ambayo kazi yake ya kila siku ni kuuza mali za biashara zilizofungwa. Ilifungua tena mstari wa uzalishaji Machi mwaka huo, na Januari 2017 ikatangaza kuufunga. Vipuri viliendelea kuuzwa, na mwaka 2021 watu hao hao walirudisha jina la Buell kwenye pikipiki wanazounda Grand Rapids zenye injini ya ukoo wa 1190. Waliokuwa na 1190RX walibahatika kuliko ilivyotarajiwa. Hata hivyo siuhesabu uamuzi wa Oktoba 2015 kuwa sahihi kwa sababu hiyo, maana hakuna aliyeyajua hayo wakati ule, na kwa habari zilizokuwepo ghala lile lingeweza kutawanywa ndani ya mwezi mmoja. Ulikuwa sahihi kwa sababu bei ilikuwa imelipia hatari, vipuri vilikuwa mkononi, na Honda ilikuwa uani. Kama Honda ile isingekuwepo, ningemwambia aiache hata kwa dola 7,000.